Baba ni fundi wa kuchomelea, kaandikiwa betri ya moyo. Atarudi kazini?

Mwana wa Gungu, Kigoma
Shikamooni wakubwa. Baba yangu anachomelea mageti na madirisha hapa Gungu. Siku nyingi alilalamika kizunguzungu, tukasema ni jua na moshi wa rodi. Juzi kaanguka karakana, akazinduka mwenyewe. Hospitali wamempima umeme wa moyo, mapigo 34 kwa dakika. Daktari anasema umeme wa vyumba vya juu haufiki kabisa vya chini, kamwandikia rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar, akawekewe betri. Baba hataki. Anasema itampiga shoti, na mashine hatashika tena. Jirani naye kamwambia betri ikiisha ndiyo mwisho wake. Mwenye uzoefu anisaidie.

Bibi wa Cheyo, Tabora
Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mimi ninayo, kwa ugonjwa huohuo wa baba yako.

Aende, tena asicheleweshe. Mtu wa mapigo 34 aliyekwisha kuanguka hangoji mavuno wala mnada. Vidonge vya kuiponya njia hiyo ikishakatika hivyo hakuna. Na kwa sasa asipande ngazi wala asiendeshe pikipiki.

Habari ya shoti mtoe wasiwasi. Betri ya mapigo ya polepole hutoa umeme mdogo sana wa kuuchochea moyo upige, mimi siusikii kabisa. Waliniwekea kwa ganzi, niko macho. Walichana chini ya mtulinga wa kushoto, wakapitisha waya kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo huku wanauangalia kwenye eksirei. Kifaa chenyewe nikipapasa nakishika chini ya ngozi, kibapa, kingo za mviringo.

Kazi iko baada ya hapo. Wiki za mwanzo mkono wa upande ule hauinuliwi kupita bega, maana waya unaweza kuchomoka kabla haujashika. Mimi hata kusuka nilisukwa na mjukuu, kitenge nikafungwa na binti. Fundi aliyezoea kunyanyua mageti atajiona mzima siku ya tatu tu. Hapo ndipo umsimamie, mwanangu, hata akikasirika.

Betri nazo haziishi ghafla kama ya tochi. Kliniki wanakuwekea kifaa juu ya kifua, wanasoma imebaki kiasi gani. Nyingi hufika miaka minane, kumi, hata zaidi, na ikikaribia kwisha wanabadilisha kile kidude. Waya ukiwa mzima unabaki. Mtu wa kwanza kuwekewa, Arne Larsson wa Sweden, aliwekewa Oktoba 1958, na kifaa kile kilidumu saa chache tu. Wakambadilishia, wakambadilishia tena, zaidi ya mara ishirini, akafariki 2001 ana miaka 86. Msomee baba yako hiyo.

Muuguzi Mwanga
Bibi kasema vizuri. Hofu ya shoti inatoka kwenye kifaa kingine, cha watu ambao moyo wao unaweza kukimbia ovyo mpaka ukashindwa kusukuma damu. Hicho hukaa kikilinda, na kikiona hatari kinaweza kushtua kweli, na mgonjwa aliye macho anausikia mshtuko. Kilianza kuwekwa kwa binadamu 1980, Baltimore, Marekani, kwa juhudi za daktari Michel Mirowski. Kuna na cha waya tatu, cha baadhi ya wenye moyo uliochoka ambao pande zake mbili hazipigi kwa pamoja, kinazipatanisha. Muulizeni daktari kwa jina baba anawekewa kipi, maana hata jibu la kazi linategemea hapo.

Mwana wa Gungu, Kigoma
Asanteni mno. Kuhusu mashine ya kuchomelea sasa?

Muuguzi Mwanga
Hatari yake ni kwamba umeme wa mashine unaweza kukidanganya kifaa. Kinadhani moyo unapiga wenyewe, kinaacha kuuchochea, na baba anaishiwa nguvu. Cha kushtua kinaweza kupiga shoti isiyohitajika. Wapo wanaoruhusiwa kurudi kwa masharti: cheche iwe mbali na kifua angalau sentimita 60, nyaya zilazwe pamoja, asijizungushie waya begani, kibano cha athi kikae karibu na anapochomelea, glavu na viatu vikavu, asifanye peke yake. Kizunguzungu kikianza, aache na asogee mbali. Kiwango cha ampea kila mtengenezaji ana chake, kwa hiyo mashine ya baba ipigwe picha kile kibati cha namba, muende nayo Dar. Simu asiiweke mfuko wa shati upande wa kifaa.

Bibi wa Cheyo, Tabora
Na hiyo kazi yake aitaje kabla hajapasuliwa, si siku ya kuruhusiwa. Wengine hukaa kimya mbele ya daktari, halafu maswali yote wanatuletea sisi. Watampa kadi ya kifaa, atembee nayo kila aendako. Kama hela ndiyo inamkwamisha, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali kabla hamjauza mashine.