Munich hadi Milan kwa pikipiki kupitia Stelvio: niandae nini?

Swali: Wadau, safari ni Juni, pikipiki ya cc 650, abiria nyuma na mizigo. Nitapita Austria na Uswisi. Nini huwa kinasumbua?

Jibu 1: Breki, mkuu. Stelvio, ile njia ya juu ya milima ya Alps huko Italia, iko mita 2,757, na upande wa Prato, kijiji kilicho chini ya mlima, kuna kona kali 48. Kuteremka weka gia ya pili, injini ikushikie. Ukiminya breki mfululizo mafuta yake yanachemka na kutoa mapovu. Mkono wa breki unalala mpaka kwenye usukani na pikipiki haisimami. Mafuta ya breki ya zaidi ya miaka miwili yamwage, yameshanyonya unyevu. Mapema Juni hakikisha kwanza njia imefunguliwa, theluji huko haina adabu.

Jibu 2: Mnyororo upake oili kila km 500 hivi, jioni ungali wa moto, upande wa ndani. Kwa uzito wa abiria na mizigo, kaza springi ya nyuma, la sivyo nyuma itadidimia na taa itamulika angani.

Jibu 3: Stika za kulipia barabara kuu: Austria ipo ya siku 10. Uswisi ni ya mwaka tu, faranga 40, hata ukipita saa moja. Ujerumani pikipiki hailipi.