Kukatazwa Kiswahili kazini, kisha kupunguziwa saa: je, kampuni ya mawakili itaipokea kesi hii?

MwanaWaUvira ameuliza:

Habari zenu, ndugu wasomaji. Ninaishi Des Moines, jimbo la Iowa, na kwa miaka minne nimekuwa nikifanya kazi katika kiwanda kinachofua mashuka na sare za hospitali, chenye wafanyakazi wapatao 220. Wakongomani tuko kama 30 katika zamu ya usiku, na lugha inayotuunganisha ni Kiswahili. Tarehe 10 Februari msimamizi wetu alitusomea agizo kwamba kuanzia siku hiyo ndani ya jengo ni Kiingereza tu, pamoja na chumba cha kulia, na hata mtu anapompigia mkewe simu wakati wa mapumziko. Tarehe 14 Aprili niliiandikia barua pepe ofisi ya rasilimali watu nikieleza kwamba ninaona agizo hilo ni ubaguzi. Sikujibiwa. Tarehe 28 Aprili jina langu liliondolewa kwenye orodha ya saa 40 kwa wiki, nikabaki na saa 24, na kwa sababu hiyo nikapoteza pia bima ya afya.

Nimeona tangazo la kampuni ya mawakili inayoshughulikia haki za kiraia na kesi za ajira. Je, kampuni za namna hiyo humpokea mtu asiye na fedha za kumlipa wakili kwa saa? Huanzia wapi? Na je, ni kweli anavyosema msimamizi wetu kwamba tangu Machi 2025 Kiingereza ni lugha rasmi ya Marekani, na kwa hiyo mwajiri anaweza kutukataza lugha nyingine? Ninaomba kujibiwa na wenye ujuzi, maana uvumi ninao wa kutosha.

KaraniMstaafu amejibu:

Ndugu MwanaWaUvira, pole kwa yaliyokupata. Mimi si wakili. Nilikuwa karani kwa miaka 11 katika ofisi ya mawakili waliotetea wafanyakazi, na kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kupokea simu za watu waliokuwa katika hali kama yako, kwa hiyo naweza kukueleza jinsi simu hiyo inavyosikilizwa na anayeipokea.

Kabla hata ya kuuliza jina la mwajiri, tulikuwa tukiuliza tarehe. Chini ya Sura ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, huwezi kwenda moja kwa moja mahakamani. Ni lazima kwanza uwasilishe malalamiko kwa Tume ya Fursa Sawa za Ajira, ile inayojulikana kwa herufi EEOC, na katika jimbo lenye chombo chake cha kupambana na ubaguzi kazini, kama lilivyo Iowa, muda wa kufanya hivyo ni siku 300. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2002 kwamba kila tendo mahususi, kama vile kufukuzwa au kunyimwa cheo, huhesabiwa siku zake peke yake. Ukihesabu kutoka tarehe 10 Februari, siku ya 300 ni tarehe 7 Desemba. Kupunguziwa saa kunakupa hadi tarehe 22 Februari mwakani. Wakili anaweza kudai kwamba agizo ambalo bado linatumika linaendelea kukuumiza kila siku, lakini sijaona wakili makini aliyeweka matumaini yake yote juu ya hoja hiyo wakati kalenda bado ilikuwa inamruhusu. Leo tuko wiki ya kwanza ya Novemba. Usingoje.

Kuhusu lugha rasmi, msimamizi wako amechanganya mambo. Agizo la Rais la tarehe 1 Machi 2025 linahusu shughuli za serikali ya shirikisho, na sheria ya Iowa ya mwaka 2002 nayo inahusu nyaraka na shughuli za serikali ya jimbo. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoifuta Sura ya Saba, ambayo inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kubagua kwa misingi ya mbari, rangi, dini, jinsia au asili ya taifa. Kanuni za Tume kwa muda mrefu zimeichukulia lugha kuwa sehemu ya asili ya mtu, na zinasema kwamba agizo la kuzungumza Kiingereza wakati wote, mapumziko yakiwemo, huchukuliwa kuwa la kibaguzi hadi mwajiri athibitishe vinginevyo. Agizo la nyakati fulani tu, kwa mfano karibu na mashine ambapo watu lazima waelewane upesi ili asiumie mtu, linaweza kuruhusiwa mwajiri akionyesha kwamba kazi yenyewe inalihitaji.

Hata hivyo, usidhani kwamba hoja hiyo haipingiki. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya upande wa magharibi, katika kesi ya kiwanda cha nyama cha Spun Steak huko California, ilikataa kuifuata kanuni hiyo ya Tume. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Iowa, ambazo ziko chini ya mahakama nyingine ya rufaa, na tena kiwanda kile kiliwaruhusu watu lugha yao wakati wa mapumziko, jambo ambalo ninyi mmenyimwa. Lakini mawakili wa mwajiri wako wataitaja kesi hiyo siku ya kwanza.

Kama ningekuwa bado kwenye kiti changu, faili lako ningelipeleka kwa wakili kwa sababu ya siku 14, yaani kuanzia barua yako ya tarehe 14 Aprili hadi tarehe 28. Sheria inakataza kumlipizia kisasi mtu aliyepinga ubaguzi, na katika kesi ya Burlington Northern dhidi ya Sheila White ya mwaka 2006, Mahakama Kuu ilisema kwamba kisasi ni tendo lolote linaloweza kumkatisha tamaa mfanyakazi wa kawaida asilalamike. Mama yule hakufukuzwa. Aliondolewa kwenye kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo akapelekwa kwenye kazi ngumu ya reli, kisha akasimamishwa siku 37 bila mshahara. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: hata kama mahakama itaamua baadaye kwamba agizo la lugha lilikuwa halali, dai lako la kulipiziwa kisasi linaweza kusimama, mradi uliamini kwa nia njema na kwa sababu za msingi kwamba unapinga ubaguzi. Utakachotakiwa kuthibitisha, tangu uamuzi mwingine wa mwaka 2013, ni kwamba saa zako zisingepunguzwa kama usingelalamika. Ukaribu wa tarehe husaidia, ila mara nyingi hautoshi peke yake.

Swali langu kwako: je, wapo wafanyakazi wenye lugha nyingine ambao hawakukemewa?

MsafiriWaKigoma amejibu:

Ninamheshimu sana mzee Karani, lakini ningependa mwuliza swali asikie na upande wa pili. Iowa ni jimbo ambamo mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu. Pili, wengi wetu siku ya kuajiriwa tulisaini rundo la karatasi, na ndani yake kulikuwa na kipengele kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na mwamuzi binafsi, si mahakama. Tatu, kampuni hizi za mawakili huchagua kesi zenye fedha; binamu yangu alizipigia nne na zote zikamjibu kwa barua ya mistari mitatu. Tafuta kiwanda kingine, ndugu, ulinde afya yako.

MamaNeema amejibu:

Kaka Msafiri hakukosea kuhusu zile barua za mistari mitatu. Mimi nilipata mbili kabla ya ofisi ya tatu kunipokea. Kesi yangu ilikuwa Kentucky, dhidi ya makao ya wazee ambayo sitayataja, nayo ilichukua karibu miaka mitatu hadi tulipopatana nje ya mahakama. Nitaeleza kuhusu malipo, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la mwenzetu na bado halijajibiwa.

Sikulipa chochote mwanzoni. Mkataba wangu ulisema kwamba ofisi itachukua asilimia 40 ya kitakachopatikana, na tukishindwa hainidai ada ya uwakili. Nilichojifunza kwa kuchelewa ni kwamba ada ni kitu kimoja na gharama ni kitu kingine. Kufungua kesi katika mahakama ya shirikisho ni dola 405, na juu yake kuna mwandishi anayenukuu maneno ya mashahidi, kuna nakala, kuna wataalamu. Uliza kabla ya kusaini nani anazibeba hizo mkishindwa, na kama asilimia inakatwa kabla au baada ya kuziondoa. Uliza pia kuhusu kodi, maana sehemu ya fidia iliyoitwa malimbikizo ya mshahara ilikatwa kodi kama mshahara wa kawaida, nami nilikuwa nimekwisha kuipangia matumizi.

Lililonichosha kuliko yote ni siku ya kuhojiwa chini ya kiapo, saa saba na wakili wa mwajiri, kwa msaada wa mkalimani. Yule dada mkalimani alitoka pwani, Kiswahili chake kizuri mno kuliko changu, lakini mimi kila mara nilisema "shefu" nikimaanisha mkubwa wangu wa kazi kama tusemavyo Kongo, naye akawa anatafsiri kwamba mpishi ndiye aliyenipunguzia saa. Tulikuwa tumefika mbali ndipo wakili wangu akauliza huyu mpishi ametoka wapi. Ilibidi turudi nyuma na kurekebisha kumbukumbu yote. Omba mkalimani anayekijua Kiswahili cha kwenu, na uombe mapema.

MwanaWaUvira amejibu:

Asanteni sana. Mzee Karani, kuhusu swali lako: ndiyo, wapo. Katika zamu yetu kuna wazungumzaji wa Kihispania na wazee wachache wa Kibosnia, nao huzungumza lugha zao mezani kila usiku bila kukemewa. Agizo lilisomwa mbele yetu sote, lakini karipio la maandishi nimeliona likipewa Wakongomani tu, watu wanne, na siku moja msimamizi alisema kwamba kelele zetu ni "za Kiafrika". Dada Mama Neema, simulizi la mpishi limenichekesha na kunitia hofu kwa wakati mmoja. Kaka Msafiri, nimezitafuta karatasi zangu za kuajiriwa. Sijaona kipengele cha mwamuzi binafsi, ila nina kurasa chache tu.

KaraniMstaafu amejibu:

Ndugu yangu, haya uliyoyaandika sasa yalipaswa kuwa katika aya yako ya kwanza, maana yanaibadilisha kesi. Agizo linalowahusu wote lakini likawaumiza zaidi watu wa asili fulani ni hoja ya athari, na katika mwaka 2025 Tume iliamua kuyafunga malalamiko yanayotegemea hoja hiyo peke yake. Sheria yenyewe haijafutwa, na ofisi binafsi za mawakili bado zinaweza kuipeleka mahakamani, lakini mzigo wa uchunguzi unawaangukia wao. Agizo linalotekelezwa dhidi ya Waafrika huku wengine wakiachwa ni jambo jingine kabisa: huo ni ubaguzi wa kukusudia, nao haujaguswa na mabadiliko hayo.

Tena kauli ile ya "za Kiafrika" inafungua mlango wa pili. Kuna sheria kongwe, iliyotokana na ile ya mwaka 1866 baada ya utumwa kukomeshwa, inayompa kila mtu haki sawa ya kuingia mkataba na kunufaika nao, na mkataba wa kazi umo. Haihitaji kupitia kwa Tume, muda wake kwa madai kama yako ni miaka 4, na fidia yake haina kikomo, ilhali chini ya Sura ya Saba mwajiri mwenye wafanyakazi kati ya 201 na 500 hawezi kuamriwa kulipa zaidi ya dola 200,000 za maumivu na adhabu kwa mlalamikaji mmoja, ukiacha malimbikizo ya mshahara. Sheria hiyo kongwe hulinda mbari na nasaba. Lugha peke yake au uraia wa Kongo peke yake hautoshi. Ndiyo maana wakili atakuuliza mara tatu maneno halisi yaliyosemwa, siku gani, na nani alikuwa karibu.

Kwa ndugu Msafiri: kuachishwa wakati wowote "kwa sababu yoyote" hakujawahi kumaanisha kwa sababu iliyokatazwa na sheria. Kipengele cha mwamuzi binafsi ni kikwazo cha kweli, lakini hakiizuii Tume, wala hakiui dai. Kinahamisha tu mahali pa kusikilizwa. Na ni kweli kwamba ofisi huchagua. Lakini sheria hizi zinaruhusu mahakama kumwamuru mwajiri aliyeshindwa alipe ada ya mawakili wa mfanyakazi, na hiyo ndiyo sababu ofisi zetu ziliweza kupokea kesi za watu wa mishahara midogo. Kinyume chake ni nadra: mfanyakazi aliyeshindwa hulipishwa ada ya upande wa pili pale tu kesi yake ilipokuwa haina msingi wowote.

Sasa, MwanaWaUvira, piga chapa barua yako ya tarehe 14 Aprili, karatasi za mishahara ya Machi hadi sasa, na orodha za zamu unazopewa kama wafanyakazi wote. Usichukue faili lolote la ofisi wala karatasi yenye jina la hospitali au mgonjwa, kwa kuwa mwajiri atalifanya hilo kuwa kosa lako. Na wale wanne waliokaripiwa, waulize kama wako tayari kutoa ushahidi. Nao wanalindwa dhidi ya kisasi.

MwanaWaUvira amejibu:

Nimepiga simu leo mchana. Walichouliza kwanza ni tarehe, kama ulivyosema. Miadi ni Jumatano ijayo saa nne asubuhi, wawili kati ya wale wanne watafuatana nami, na nimeomba mkalimani aliyetoka Kivu.