Naomba ushauri: kurudia CompTIA A+ Core 1 baada ya kufeli

Habari wakuu. Mimi ni fundi kompyuta hapa Dar, nimefeli mtihani wa Core 1, toleo la 220-1201, ambao ni mmoja kati ya mitihani miwili ya cheti cha ufundi kompyuta cha CompTIA A+. Kupita ni alama 675 kati ya 900, nami nimeishia chini kidogo ya hapo. Ule mwingine, Core 2, unaotaka 700, bado sijaugusa.

Kilichoniangusha zaidi ni maswali ya vitendo, yale ya kutatua tatizo la mtandao palepale kwenye skrini. Yalikuja mwanzoni yakala muda, na dakika 90 kwa maswali yanayoweza kufika 90 ni chache mno. Kubadilisha RAM au pawasapulai nafanya kila siku, lakini namba za poti za mtandao, aina za RAID (njia za kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) na viwango vya Wi-Fi kazini kwangu sikutani navyo.

Jaribio la pili halina siku za kusubiri. Ukifeli tena ndipo unangoja siku 14. Ila kila jaribio linalipiwa upya, na kwangu hizo ni fedha nyingi, kwa hiyo sitaki kukurupuka.

Mliorudia mkafaulu: maswali ya vitendo mliyaruka mkayarudia mwishoni? Packet Tracer, ile programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, inatosha kwa mazoezi ya mtandao kama huna ruta? Na je, nianze na Core 2 kwanza ili nipate moyo, maana mpangilio ni hiari?

Maswali ya kuibia sihitaji, tafadhali. Nataka kuijua kazi yenyewe. Natanguliza shukrani.