Picha uliyoipata na picha iliyokuponyoka: tupeane uzoefu

Kijukuu wa Ndia Kuu

Salaam aleikum jamaa. Uzi huu nimeufungua kwa sababu ya mlango.

Nyumba ya babu yangu ilikuwa Mji wa Kale, kichochoro cha pili ukitoka Ndia Kuu. Mlango wake ulikuwa wa msaji mzito, mfaa, yaani ule ubao wa katikati, umechongwa mawaridi toka juu hadi chini, na kwenye miimo umepandishwa mnyororo wa nakshi. Nimeuvuka mlango ule maelfu ya mara, nikitoka chuoni, nikirudi na bakuli la mbaazi asubuhi. Nimekuwa mtu mzima, nimenunua kamera, nimepiga simba wa Tsavo, nimepiga heroe, nimepiga meli zikiingia Kilindini mpaka nimechoka kuzihesabu. Mlango wa babu sikuupiga hata mara moja. Ulikuwa pale tu, nami nikaona utakuwa pale daima.

Mwaka jana nyumba ikauzwa. Nilipokwenda nikakuta geti la chuma lililopakwa rangi ya buluu. Nimeuliza mtaa mzima, hakuna anayejua mlango ulikwenda wapi.

Basi naomba tuelezane. Picha gani uliifuata safarini ukaipata, ipi ilikuponyoka, na sababu yake nini? Iwe mnyama, mandhari au jengo la zamani. Taja mahali na saa, ili anayekuja nyuma yako afaidike. Bei ya kamera tuiweke kando.

Nianze na niliyoipata. Fort Jesus kila mtu huipiga saa sita mchana akiwa langoni, jua liko utosini, kuta zote zimepauka. Wareno walipoanza kuijenga mwaka 1593 waliielekeza kwenye mlango wa bahari, na upande huo ndio unaopokea jua la asubuhi. Nilipatana na mwenye mtumbwi wa Bandari ya Kale, tukatoka baada ya swala ya Alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu jua lilipanda na ukuta ukashika rangi ya hamri lililotoka kwenye mafuta sasa hivi. Ilidumu kama dakika kumi, kisha ikawa jiwe tu. Kamera niliifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikaacha tundu la lenzi peke yake, maana maji ya chumvi hayana huruma.

Mpanda Tuktuk

Pole sana ndugu yangu kwa mlango.

Mimi nabeba wageni, nawaona wanavyopiga watu picha vichochoroni kama wanapiga miti. Na mimi nimewahi kufanya hivyo. Kulikuwa na mzee muuza kahawa karibu na Msikiti wa Mandhry, dele lake la shaba linang'aa, makaa chini, moshi unapita kwenye mwanga. Nikanyanyua simu. Akanigeuzia mgongo, hakusema neno, na nikaona haya mpaka leo naikumbuka.

Nilirudi kesho yake, nikanunua kahawa, nikakaa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akaniuliza, "Wewe ni wa nani?" Nikamtajia baba na babu. Akawa anamjua babu, waliwahi kufanya kazi pamoja bandarini. Akaniambia, "Haya piga. Piga mikono, uso niachie." Nikapiga mikono yake inagonganisha vikombe. Ndiyo picha pekee niliyoisafisha na kuitundika nyumbani. Uso haumo, na kila amjuaye akiiona hulitaja jina lake.

Mgeni wa Nakuru

Mimi natoka bara, nakuja Mombasa mara mbili kwa mwaka. Swali langu ni la ndege. Nimekwenda Mida Creek karibu na Watamu, nikatembea kwenye lile daraja la mbao ndani ya mikoko hadi mwisho. Ndege nimewaona, lakini wako mbali kama nukta. Nilikosea wapi?

Mvuvi wa Mida

Ulikosea maji, kaka. Ulikwenda saa ngapi? Nadhani yalikuwa yamekupwa. Yakikupwa tope lote linakuwa wazi na ndege wanatawanyika kula. Huwezi kuwafuata, utazama magotini. Nenda yakiwa yanajaa. Keti, tulia, usivae nguo nyeupe. Maji yanavyopanda yanawapunguzia pahala pa kusimama, basi wanasogea wenyewe kuja ukingoni. Mimi nimeketi hivyo nikamwona yule mweupe wa mgongo mweusi mwenye mdomo mnene, yule anayekula kaa, kanijia karibu mpaka lenzi ndogo ikatosha.

Na uje wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini wa mwisho na mwanzo wa mwaka. Hao wanazaliana huko Uarabuni na pande za Bahari ya Shamu, kwetu huja baadaye. Ukija katikati ya kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, utaona wachache sana.

Mgeni wa Nakuru

Asante sana. Na wenyeji wakisema bamvua wana maana gani?

Mvuvi wa Mida

Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Hapa Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali, tunasema maji mafu. Kwa ndege wa Mida ningekuambia chagua bamvua, uje yakiwa yamebakisha muda wa saa mbili kujaa kabisa. Kwa wanaopiga miamba na vidimbwi vya ufukweni, bamvua hiyohiyo lakini wakati wa kupwa. Muulize mvuvi yeyote, atakuambia saa bila kutazama simu.

Msafiri wa Voi

Niwape ya treni. Nasafiri SGR, treni ya Mombasa na Nairobi, kila mwezi kwa kazi, na kipande cha Tsavo naketi na kamera mapajani. Reli imeinuliwa juu ya tuta, kwa hiyo unaona mbali kuliko mtu wa gari. Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa udongo wanaojimwagia, na mvua ikiwa imenyesha jana yake, wekundu ule juu ya majani mabichi hauna mfano.

Miezi mitano nilipata vioo tu. Dirisha halifunguki, taa za ndani zinarudi kwenye kioo, ndovu wangu ana mataa tumboni. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Changamwe tuliyekaa naye kiti kimoja. Alinitazama nikihangaika, akavua mtandio wake mweusi, akasema, "Mwanangu, jifunike na hiki." Nikaisogeza lenzi ikagusa kioo karibu kabisa, mtandio ukazunguka, mwanga wa ndani ukakatika. Kasi ya shata niliiweka 1/1000, maana treni haikungoji. Familia nzima ikapita, mama mbele, mtoto katikati ya miguu. Nilimwonyesha yule mama kwenye kioo cha kamera akasema mashallah, na akatokwa na machozi kidogo. Sikumuuliza kwa nini.

Natamani ningempiga na yeye picha. Hiyo ndiyo iliyoniponyoka.

Binti Kwale

Mtu akisema Kwale watu hufikiria ufuo wa Diani peke yake. Shimba Hills ndiko pekee katika Kenya yote unakoweza kumwona palahala, yule swala mkubwa, porini. Dume lake ni jeusi, tumbo jeupe, pembe zimepinda kwenda nyuma kama jambia. Nimekwenda mara nne. Mara tatu nimekuta ukungu wa bahari umelala juu ya vilima, sioni hata barabara. Ya nne nikampata saa kumi na moja jioni, amesimama kwenye nyasi. Kamera ikiona mnyama mweusi amejaa fremu hudhani kuna giza, inaongeza mwanga na ngozi inakuwa ya kijivu. Ilibidi niupunguze mwenyewe ndipo weusi wake ukarudi. Kwa mbega wa Diani ni kinyume, kwa sababu yuko juu mtini na mbingu nyeupe iko nyuma yake. Hapo ongeza, ama utabaki na kivuli chenye mkia.

Lakini niliyotaka kuwaeleza ni ya kaya, ile misitu mitakatifu ya wazee wetu.

Mimi ni Mdigo. Makaya ya Wamijikenda yaliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, na tangu hapo wageni wameongezeka. Nilimpeleka rafiki yangu Kaya Kinondo, ambayo wageni huruhusiwa kuingia. Tulifungwa kaniki kiunoni, tukaelezwa miiko, tukaingia na mzee mbele. Kuna miti mle inayokufanya ushushe sauti bila kuambiwa. Mizizi imepanda juu ya mawe ya matumbawe, mwanga unashuka vipande vipande. Mimi mpiga picha, mikono inaniwasha. Tukafika pahala, mzee akageuka akasema hapa kamera zilale. Rafiki yangu akanitazama kama kwamba mimi, mtoto wa nyumbani, ningemwombea. Sikumwombea.

Tulisimama pale muda mrefu. Naweza kuwaeleza umbo la kila jiwe la pale, kitu ambacho siwezi kwa nusu ya mahali nilipopiga picha. Sitawaeleza, lakini naweza. Mkienda, mfuateni mzee. Msimpenyezee noti apate kuangalia kando. Wapo waliofanya hivyo na mimi inaniuma kama mtu kaingia chumbani kwa bibi yangu na viatu.

Mama Watatu

Gede, wapendwa, yale magofu ya mji wa kale karibu na Watamu. Nendeni Gede mapema, lango likifunguliwa tu. Niliwapeleka wanangu watatu nikidhani nitapiga zile kuta zilizobanwa na mizizi ya mikuyu, na lile kaburi lenye tarehe, 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Nilizipiga. Mji ule umeingizwa UNESCO mwaka 2024, na ni haki yake.

Kilichonishika ni sange. Yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye makao yake makubwa ni msitu wa Arabuko-Sokoke hapo jirani. Kitindamimba wangu, ana miaka sita, ndiye aliyemsikia akichakura majani makavu. Akaniambia, "Mama, keti chini." Tukaketi wanne kwenye mchanga, hakuna aliyekohoa. Akatoka, akachimba na pua yake, akapita hatua nne mbele yetu. Nilipiga picha sita, moja haikutikisika. Na hiyo moja iko sawa kwa sababu nilikuwa nimeketi kimo chake. Ningesimama ningepata mgongo tu.

Chakula muache garini, kima wa pale ni wanyang'anyi.

Mtoto wa Bamburi

Yangu fupi. Mwaka 2005 shule ilitupeleka Haller Park kumwona Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, na Mzee, kobe mkubwa aliyemfanya mlezi. Nilikuwa na kamera ya filamu ya ami yangu, picha 36. Nilizimaliza kwa twiga na mamba. Tulipowafikia nilikuwa na moja. Nikaipiga, mwenzangu akapitisha kichwa. Nina kichwa cha mwenzangu na kipande cha gamba. Tangu siku ile sehemu ya mwisho ya filamu, na sasa ya kadi, naitunza mpaka niko kwenye basi la kurudi.

Fundi Lenzi

Natengeneza kamera hapa mjini, na nusu ya ninazoletewa zina kuvu ndani ya lenzi. Utaona kama nyuzi za buibui ukiimulika na tochi. Pwani unyevu ni mwingi, na lenzi iliyofungiwa kabatini gizani ndiyo chakula chake. Kusanyeni vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, viweke na kamera kwenye chombo cha plastiki kinachofunga sawasawa. Mchele msitumie, una vumbi. Na mkitoka kwenye chumba cha eisii, iacheni kamera ndani ya begi nusu saa ipate joto polepole, la sivyo kioo kitatoka jasho mchomozo mzima wa jua ukupite.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Mjukuu wangu ndiye anayenisomea haya na kuniandikia. Kijukuu, mwanangu, huo mlango wako, juu kizingitini ulikuwa na maandishi ya Kiarabu yaliyofutika upande mmoja? Na baraza yake ya kushoto imemeguka pembe?

Kijukuu wa Ndia Kuu

Shikamoo Bi Mkubwa. Naam. Pembe ilimeguka kabla sijazaliwa. Umeujuaje?

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Marahaba mwanangu. Mwaka 1987 kaka yangu alipooa, maulidi na matwari yalipita kichochoro hicho. Tulimkodi mpiga picha wa studio. Iko picha moja, bwana harusi amevaa joho, nyuma ya bega lake mlango unaonekana. Si wote, ubao mmoja tu na mfaa, na hayo mawaridi yako. Amesimama mtu kizingitini, mrefu, mwembamba, kofia ya vito, mkono kaushika mfaa. Mimi simjui. Picha imegandana na ukurasa wa albamu.

Fundi Lenzi

Bi Mkubwa, nakuomba usiibandue. Karatasi ikichanika haiungiki. Kijukuu, ipige ikiwa ndani ya albamu hivyohivyo, nje barazani kwenye kivuli, bila flashi, kamera iwe sambamba na ukurasa. Ukiwa na shida nipigie, nitakuja na taa zangu.

Kijukuu wa Ndia Kuu

Bi Mkubwa, huyo mtu ana bakora?

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Anayo. Mkono wa kushoto.

Kijukuu wa Ndia Kuu

Naja kesho baada ya Alasiri, inshallah. Nitakuja na mama yangu.