Yah: Karavani imekwama ukaguzi Kigoma, wanataka mlango wa pili

Kutoka: Mwana-Ujiji (Des Moines, kwa sasa yuko Mwanga, Kigoma)

Ndugu zangu wana-Kigoma popote mlipo, asalaam aleikum, na kwa wengine mwakeye.

Mwenye uzoefu naomba anisaidie haraka, likizo inakatika. Ile karavani (trela ya kukaa watu) niliyoitoa Marekani ilifika Dar salama, TANSAD, ile hati ya forodha, ikapita, ikavutwa na Land Cruiser mpaka nyumbani. Nia yangu wengi mnaijua: kiwanja cha Mwandiga bado ni kichaka, nilitaka mama watoto na wanangu wapate pa kulala wakati mafundi wanasimamisha nyumba. Sasa kuna ofisi, siitaji jina, imekataa kunipa karatasi ya ukaguzi. Mkaguzi aliingia, akazunguka, akasema chombo kina mlango mmoja na ndani kuna vitanda vya watu watano, kwa hiyo hakipiti. Nikamwonyesha dirisha la chumbani lenye vishikio vyekundu. Akasema hilo ni dirisha kama mengine, nilete barua ya mtengenezaji inayothibitisha kuwa ni njia ya kutokea moto ukiwaka. Kiwanda hakijibu barua pepe. Je, kuna aliyewahi kupitisha karavani ya Marekani huku kwetu? Barua ya namna gani ilikubaliwa, na yenye mhuri wa nani?

Kutoka: Mama Zuhura (Leicester)

Pole sana mdogo wangu. Nakuelewa, maana mimi nilipoleta Noah ya kaka yangu walinizungusha mpaka nikapata presha. Kwanza walidai V5C nzima, yaani kitabu cha usajili wa gari cha Uingereza, na mimi kile kipande cha kusafirisha gari nje moja kwa moja nilishakirudisha huku kama utaratibu unavyotaka. Nikabaki na kitabu kilichokatwa, na wao hawataki kitabu kilichokatwa. Ushauri wangu: usiende peke yako, nenda na ajenti wako, halafu kila karatasi uwe na nakala yenye mhuri wa wakili. Na usipandishe sauti. Huko nyumbani ukipandisha sauti faili lako linakwenda chini ya mafaili mengine.

Kutoka: Mzee wa Kibirizi (Oslo)

Mama Zuhura, kwa heshima zote, Noah ni gari na alicholeta kijana ni trela. V5C haina uhusiano wowote hapa. Kijana, angalia TANSAD yako imeandikwa namba gani ya forodha. Trela za kukaa watu au za kupigia kambi zina namba yake, 8716.10. Ajenti akiwa ameandika trela ya mizigo, basi mkaguzi ana haki ya kushangaa kuona vitanda ndani ya trela ya mizigo. Mimi nimefanya kazi ya forodha bandarini kabla hamjazaliwa wengine humu, nayajua haya. Tuma picha ya ile karatasi tuione.

Kutoka: Kijana wa Kasulu (Dallas)

Shikamooni wazee. Mimi naishi ndani ya karavani mwaka mzima kwenye maegesho ya kulipia, kwa hiyo nalisema hili kama mtu anayelala humo.

Kaka Mwana-Ujiji, mkaguzi ameuliza swali la haki ila jibu ameshindwa kuliona. Karavani za Marekani zinatengenezwa kwa kufuata NFPA 1192, kanuni ya kwao ya usalama wa karavani, pamoja na moto. Kanuni hiyo inataka njia mbili za kutokea zilizo mbali moja na nyingine, na aliye kitandani aweze kuifikia mojawapo bila kupita kwanza kwenye ile nyingine. Njia ya pili ndiyo hilo dirisha. Tundu lake lisipungue inchi 24 kwa 17, yaani kama sentimita 61 kwa 43, na vishikio vyake lazima viwe vyekundu. Nenda sasa hivi pembeni ya mlango wako mkubwa, kwa nje. Kama kiwanda ni mwanachama wa RVIA, chama cha watengenezaji karavani wa Marekani, utakuta kibandiko chenye namba, na maana yake ni kwamba kiwanda kimethibitisha kufuata NFPA 1192. Kipige picha. Kwa maoni yangu hicho kinazidi barua.

Lakini kaka, kabla ya karatasi, lifungue hilo dirisha. Simaanishi uliangalie. Panda kitandani, vuta vishikio vyote viwili, sukuma kwa kiganja. La kwangu halikufunguka. Vishikio vililegea vizuri, kioo kikabaki palepale kwa sababu mpira wa pembeni ulikuwa umegandana na fremu kwa jua. Ilibidi nipige bega, na mimi ni mwanamume mzima, mchana, sina moshi puani. Lilipoachia lilitoa mlio wa kuchanika. Nikagundua pia kwamba bawaba zake ziko juu, kwa hiyo kioo kinakurudia kichwani unapotoka. Sasa nimeweka kijiti cha kukiegemeza, nimekifunga kwa kamba palepale. Mpira naupaka silikoni, sipaki grisi, na kila ninapobadilisha mashuka nalifungua na kulifunga.

Humo ndani ni plaiwudi, sponji na plastiki. Moto ukishashika hauna subira, na moshi unatangulia. Na angalieni ramani ya karavani nyingi: jiko la gesi liko katikati, kati ya kitanda na mlango. Kwa hiyo moto wa jikoni unaufunga mlango kabla hujavaa ndala.

Kutoka: Mzee wa Kibirizi (Oslo)

Umeeleza vizuri kijana wa Kasulu, ila umesahau kubwa. Marekani wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango wa karavani uko upande wa kulia, ufunguke kwenye majani. Kwetu tunaendesha kushoto. Ukisimama kando ya barabara ya Kasulu, mlango huo unafungukia kwenye malori. Mtoto anakurupuka usingizini kwa moshi, anaruka nje, anakutana na lori. Pengine hilo ndilo lililomsumbua mkaguzi na hakulisema.

Na bado sijaona picha ya TANSAD.

Kutoka: Mwana-Ujiji

Mzee shikamoo. TANSAD iko kwa ajenti Dar, ameahidi kuituma. Karavani haitatembea barabarani, itakaa kiwanjani juu ya matofali, kwa hiyo la malori tuliweke kando.

Kibandiko nimekiona, ahsante sana Kasulu. Dirisha sijaweza kulijaribu kwa sababu nje kuna grili. Majirani walinishauri tangu siku ya kwanza, wizi wa Mwandiga mnaujua, na fundi ameshachomelea nondo madirisha yote. Mkaguzi hakuigusa habari ya nondo, yeye anataka barua tu.

Kutoka: Kijana wa Kasulu (Dallas)

Kaka! Grili kwenye dirisha la dharura? Basi huna njia ya pili, una picha ya njia ya pili. Barua ya kiwanda hata ikija na mihuri kumi, hilo dirisha limeshazibwa. Nakuomba kama ndugu, watoto wasilale humo leo.

Kutoka: Fundi wa Bangwe (Kigoma)

Jamani tusimtishe mwenzetu, jambo lina dawa. Grili si lazima ing'olewe. Inakatwa, inawekwa bawaba upande mmoja, upande wa pili inafungwa kwa pini inayochomolewa kutoka ndani. Kufuli hapana, kwa sababu gizani ufunguo hauonekani. Pini iwe na kamba nyekundu, na mtoto mkubwa afundishwe kuichomoa mwenyewe huku mzazi akitazama. Pia grili ifungukie pembeni, maana kioo kinasukumwa kwenda nje na kikikuta chuma hakiendi popote. Chini ya dirisha wekeni ngazi fupi au hata kreti mbili za soda, kwa sababu karavani ikiwa juu ya matofali kutoka dirishani hadi chini ni kimo cha mtu. Mtu anatoka kwa miguu kwanza, tumbo likiwa limelalia ukingo, na blanketi linatandikwa pale chini ya kioo asichanike.

Kinachonitia hofu zaidi ya dirisha ni umeme. Kaka, vyombo vya humo ni vya volti 120, na nguzo ya TANESCO inakupa 230. Nimeshaitwa kuangalia friji ya mtu iliyoletwa kutoka huko, imechomekwa moja kwa moja. Waya zilikuwa zimeyeyuka zikashikana na ubao wa nyuma. Usichomeke chochote mpaka uwe na transfoma ya kushusha yenye nguvu ya kutosha. Na ile regileta ya gesi ni ya mtungi wa kwao. Usimruhusu mtu akuungie mtungi wa hapa kwa mpira na waya wa kufungia. Gesi ikivuja haipandi juu, inalala sakafuni, ndiyo maana kifaa cha kuinusa kimefungwa chini karibu na miguu. Kina tarehe ya kuisha muda wake, itazameni. Zimamoto ni 114, lakini kutoka mjini hadi Mwandiga msiwasubiri mkiwa ndani.

Kutoka: Mama Zuhura (Leicester)

Fundi, Mungu akuzidishie. Mmenikumbusha mbali. Sisi tulikuwa tunalala kwenye sitaha ya meli ya Liemba kwenda Kasanga, upepo wa ziwa usoni, migebuka ya kukaanga kwenye kapu la mama, na marehemu baba kabla ya kulala alikuwa anatuonyesha kwa kidole maboya yalipo na ngazi ilipo. Hakuwa amesoma kanuni yoyote. Natamani wanangu waione Kigoma ile, wanakuja kama watalii na viza mkononi.

Kutoka: Mzee wa Kibirizi (Oslo)

Hapo kwenye viza umegusa donda. Sheria ya Uraia ya 1995 inamfutia uraia mtu mzima anayechukua pasi ya huku, halafu tunaambiwa tuje tuwekeze. Mwekeze kwa uraia gani? Kijana anavuta nyumba yake kutoka Marekani hadi mwisho wa reli, na dirishani pa ofisi anaulizwa barua ya kiwanda. Mkataba wa SGR, reli ya kisasa, ya Tabora hadi Kigoma umesainiwa Desemba 2022, tunasubiri. Uraia pacha nao tunausubiri tangu nywele zikiwa nyeusi.

Kutoka: Mwana-Ujiji

Wazee wangu, la uraia nawaunga mkono, ila kesho asubuhi niko kaunta. Niende na picha ya kibandiko peke yake, au nitafute mwanasheria aapishe? Na NFPA 1192 inatambulika kwao? Fundi wa Bangwe, nakupigia jioni hii kuhusu grili. Watoto wamehamia kwa bibi yao Ujiji.

Kutoka: Binti Katonga (Edmonton)

Samahani nawaingilia, sina karavani. Nimesoma habari ya nondo nikashindwa kulala. Baba yangu, mtu wa makamo na mguu unamsumbua, analala Ujiji chumba cha ndani. Dirisha moja, nondo za kuchomelea, mlango wa chuma wenye kufuli na ufunguo uko chini ya godoro. Msimu wa baridi anaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga dirisha. Huku Kanada nimefundishwa kazini kwamba moshi usioonekana wa mkaa hauna harufu, unamchukua mtu usingizini kabla moto haujaonekana. Nimemwambia kwenye simu, anasema ameishi hivyo miaka yote.

Fundi wa Bangwe, hiyo grili ya bawaba na pini unaweza kumfungia mzee dirisha hilo moja? Niambie bei ya chuma na ya kazi, na jina la kutumia kwenye M-Pesa, nitume leo. Na ukifika pale tafadhali ongea naye wewe, jiko lilale uani. Mimi ananiona bado mtoto.