Re: Kadi ya chemba ya biashara, nilipe au niache?

Kutoka: Mwenye vitenge, Kampemba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, habari za asubuhi. Nimeletewa fomu ya kujiunga na chemba ya biashara, ile ya kuunganisha wafanyabiashara wa kwetu Tanzania na wa huku Kongo. Ada ya mwaka ni sawa na kodi ya fremu yangu ya miezi miwili. Aliyeniletea anasema nikiwa na kadi, mzigo wangu hautasumbuliwa Kasumbalesa, pale mpakani mwa Zambia na Kongo. Huu ni mwezi wangu wa nne mjini, bado sijajua nimwamini nani. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijatoa hela.

Kutoka: Dereva, leo nipo Tunduma

Kadi? Miaka kumi na moja navuka pale, sijaulizwa kadi ya chemba hata siku moja. Wanauliza makaratasi, na mengine mnayajua. Agosti 2024 Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache, kisa ule ugomvi wa Kongo kuzuia bia na soda za nje, wenye kadi na wasio na kadi mizigo yao ililala foleni moja. Tulisonga ugali chini ya trela.

Kutoka: Mama wa dagaa, Kenya (mtaa, siyo nchi, maana kuna wageni humu)

Mwanangu wa vitenge, karibu Lubumbashi. Huyo aliyekwambia kadi inafungua mpaka amekudanganya, au naye kadanganywa. Chemba si serikali. Ni chama cha wafanyabiashara wenyewe: wanachanga, wanaajiri katibu, wanatafutiana wateja, wanapeleka malalamiko kwa wakubwa. Ushuru ni wa DGDA, ukaguzi wa bidhaa ni wa OCC, na hao wawili hawana habari na kadi ya mtu.

Ila fomu usiichane. Mwaka wangu wa kwanza nililipa kwenye chemba moja, jina naliacha. Nikaambulia chakula cha jioni hotelini, hotuba tatu na kalenda. Mwaka wa pili sikulipa. Ndipo likanikuta.

Magunia ya dagaa kutoka soko la Kirumba, Mwanza, yamefika Kasumbalesa. Cheti cha uasili, kile cha kuonyesha mzigo umetoka nchi gani, kina jina la shemeji aliyeninunulia. Ankara ina jina langu. RCCM, yaani usajili wangu wa huku, ina jina la kampuni. Deklaran, yaani wakala wa forodha, akayapanga makaratasi matatu juu ya boneti, akaniangalia: "Mama, hii mizigo ni ya weye ao ya bengine?" Lori likasimama siku sita, kila siku inalipiwa, na ilikuwa Januari, mvua juu ya mvua, turubai lina tundu. Dagaa wakishapata unyevu, ile harufu inakufuata mpaka kanisani.

Aliyenitoa ni katibu wa chemba ile ile niliyoacha kulipa, na kadi yangu ilikuwa imeshakufa! Alipiga simu TCCIA, chemba ya biashara ya Tanzania, maana hao ndio watoaji wa vyeti vya uasili kwetu, cheti kikaandikwa upya kwa jina la kampuni. Akanitafutia na mtu wa kutafsiri ankara kwa Kifaransa. Mimi ningempata nani ofisini Mwanza, Ijumaa saa kumi? Mwaka uliofuata nililipa bila kusukumwa.

Usije ukadhani pia hicho cheti kinafuta ushuru. Mzambia anapita na karatasi ya COMESA, lile soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, sisi Watanzania tulijitoa mwaka 2000. SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, tumo sisi na Kongo, lakini eneo huru la biashara lilipoanza 2008 Kongo haikuingia. Jumuiya ya Afrika Mashariki Kongo wameingia 2022, watu wakapiga vigelegele kama kesho yake mpaka unang'olewa. Mimi bado nalipa.

Kwa hiyo nenda ofisini mwenyewe, usimalizane na mleta fomu. Waulize wana mtu Dar na mtu Lubumbashi, au wana bango tu. Waulize mara ya mwisho walikaa lini na watu wa DGDA na walijibiwa nini. Omba uongee na mwanachama mmoja anayeleta nguo. Akianza kukuhadithia sherehe, nyanyuka. Ukiamua kulipa, dai risiti, na dola uzichague: noti ikiwa na mchaniko wa ukubwa wa kucha, huku ni karatasi ya kufungia karanga.

Halafu kuna neno limenikera tangu nisome barua yako. Umeandika "fremu", hukuandika "stoo". Unauza jumla, au unakata doti moja moja? Rejareja ndogo hapa sheria imewawekea raia tangu enzi za Mobutu. Ukikamatwa kwa hilo, hakuna chemba itakayosimama nawe.

Kutoka: Mwenye vitenge, Kampemba

Shikamoo mama. Nakata doti.

Kutoka: Mama wa dagaa, Kenya

Marahaba. Basi usiandike tena humu. Njoo sokoni kesho kabla ya saa nne, uje na RCCM yako na mkataba wa hiyo fremu.

Kutoka: Dereva, bado nipo Tunduma

Mama, nipimie dagaa debe moja, nafika Jumapili foleni ikipenda.