Nusu ukumbini, nusu mtandaoni: bando analipa nani?

Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili huu mtindo wa vyuo kuchanganya vipindi vya ana kwa ana na vya mtandaoni.

Mimi siupingi. Mwaka wa kwanza tulikuwa mamia kwenye somo moja. Ukichelewa unakaa ngazini, daftari magotini, spika inakoroma, mwalimu unamwona kama kidole gumba. Notisi unazifuata steshenari. Mhadhara wa namna hiyo urekodiwe tu, nitausikiliza geto hata mara tatu, na muda wa chuoni ubaki kwa semina za watu ishirini.

Ila ukumbi ule, viti vyake na umeme wake, ulilipiwa na ada. Kipindi kikihamia kwenye simu, ni simu yangu, chaji yangu, bando langu, na ada haishuki hata senti. Bumu, yaani mkopo wa serikali kwa wanafunzi, lina fungu la chakula na malazi, lina la vitabu na viandikwa. Bando tunalikata kwenye wali maharage. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa korona hadi Juni mosi, nilikuwa kijijini. Mtandao wetu uko juu ya kichuguu nyuma ya zizi, basi. Hapo video huifungui.

Chuo kielewane na kampuni za simu, tovuti ya masomo ifunguke bila bando. Na mihadhara iwekwe kwa sauti tupu. Karibuni.

*Mhadhiri:* Bando sawa, semeni na haya. Naingia Zoom naona majina 180, kamera zote zimezimwa. Nikiuliza swali, kimya. Juzi mmoja kasahau kuzima maiki, tukasikia konda: "Mwenge, Mwenge, Mwenge!" Na mahudhurio amewekewa tiki.

*Mhitimu wa Huria:* Mnajadili kama jambo geni! Chuo Kikuu Huria kipo kwa sheria ya 1992, na kilianza kupokea wanafunzi 1994, kabla hamjaota simu za mkononi. Kina vituo mikoani, kwa sababu tangu mwanzo kilimfikiria mtu aliye mbali na mwenye kazi. Ninyi mnarekodi ukumbi mnauita mfumo.

*Mwaka wa pili, kemia:* Nimeangalia video ya titresheni, ile ya kudondosha kemikali tone kwa tone mpaka rangi ibadilike kidogo tu, mara tano. Siku ya maabara nikapitiliza, chupa ikawa ya waridi iliyokolea. Nikarudia, nikapitiliza tena. Mkono wangu haukuwa umeangalia video ile. Maabara msiziguse.

*Mleta mada:* Wa kemia, hapo tuko pamoja. Mhadhiri, ngoja nikupe ratiba yetu ya muhula uliopita: saa mbili hadi saa nne kipindi cha mtandaoni, saa nne hiyohiyo semina chuoni, ukichelewa huingii. Sasa huyo wa Mwenge ulitaka awe wapi?